Nyumba ya Wageni ya Kale Mjini London: Kwa Nini Roshani Zake Ziko Nje

Huko London, ng'ambo ya kusini ya mto Thames, iko barabara moja kubwa iitwayo Borough High Street. Mtu apitaye humo huona maduka pande zote mbili, mabasi, na watu wengi waendao na kurudi kwa haraka. Asipokuwa mwangalifu hupita bila ya kuuona upenyo mmoja mwembamba baina ya majumba, wenye kibao cha jina la George. Lakini akiingia katika upenyo huo, mara kelele za barabara hupungua, naye hujikuta katika ua. Mkono wake wa kulia imesimama nyumba ndefu ya kale, na mbele ya ukuta wake zimetokeza roshani mbili za mbao, moja juu ya nyingine, zenye nguzo nyembamba na vizuizi vilivyokerezwa kwa keezo.

Nyumba hiyo ni George Inn. Zamani palikuwa na nyumba nyingi za namna yake katika London. Leo hii ndiyo pekee iliyobaki na roshani zake. Na hata hii haikubaki nzima. Tunayoiona ni ubavu mmoja tu wa jengo lililokuwa limezunguka ua, na jinsi ubavu huo ulivyonusurika ni habari ya kustaajabisha kidogo, kama tutakavyoona.

Kwanza, walakini, liko swali ambalo kila mgeni mwenye macho ya fundi huliuliza. Uingereza ni nchi ya baridi. Mvua hunyesha wakati wowote wa mwaka, na katika miezi ya Desemba na Januari jua huchwa kabla ya saa kumi na moja za jioni. Katika nchi kama hiyo mtu angetazamia njia ya kwendea vyumbani iwe ndani, imefunikwa, penye joto. Hapa sivyo. Mgeni aliyelala orofa ya juu alifungua mlango wake asubuhi akakutana na upepo usoni. Je, wajenzi walikuwa wajinga? La, hawakuwa wajinga. Walijua sana walilokuwa wakilifanya, na sababu zao zimeandikwa katika umbo la nyumba yenyewe.

NYUMBA YA MSAFIRI NA FARASI WAKE

Siku hizi Waingereza huziita karibu nyumba zao zote za kunywea "pabu", neno lililofupishwa kutoka maneno yao yenye maana ya nyumba ya watu wote. Lakini zamani nyumba hizi hazikuwa za namna moja. Ilikuwako nyumba ya bia, ambayo mara nyingi ilikuwa makao ya mtu tu, mke wake akipika bia na kuwauzia majirani. Ilikuwako nyumba ya mvinyo, mahali pa wafanya biashara na mabwana wenye fedha. Na ilikuwako nyumba ya wageni, iitwayo "inn", ambayo wajibu wake ulikuwa mkubwa zaidi: kumpa msafiri chakula na kitanda, na kumpa farasi wake zizi, maji na majani makavu.

Kwa hiyo msomaji asiyetumia kileo asidhani ya kuwa habari hii haimhusu. George ilikuwa inauza bia, na ingali inauza, lakini haikujengwa kwa ajili ya bia. Afadhali kuifikiria kama kituo cha mabasi, nyumba ya kulala wageni, ghala ya mizigo na zizi, vyote chini ya paa moja.

Mahali ilipojengwa palichaguliwa na mto. Kwa muda wa mamia ya miaka katikati ya London palikuwa na daraja moja tu la kuvukia Thames, nalo ni London Bridge. Daraja la pili, la Westminster, halikufunguliwa mpaka mwaka 1750. Kila gari na kila mtu aliyetoka nchi za kusini, kama Kent, Surrey na Sussex, alifika kwanza Southwark, yaani mji ule wa upande wa kusini wa daraja. London Bridge lilikuwa jembamba, tena lilikuwa na nyumba na maduka juu yake, hata magari yalibanana. Milango ya mji ilifungwa usiku. Aliyechelewa alilala Southwark. Mwenye gari kubwa la mizigo aliona ni afadhali kuishusha mizigo huko huko. Ndiyo maana barabara hii moja ilijaa nyumba za wageni, jirani kwa jirani. Mwandishi John Stow, aliyetoa kitabu chake cha habari za London mwaka 1598, alizitaja nyingi kwa majina, na George ni mojawapo. Iliyokuwa jirani yake, Tabard, ndiyo ambayo mshairi Geoffrey Chaucer aliifanya kuwa mahali pa kuanzia safari ya mahujaji wake waendao Canterbury, katika utungo wake mashuhuri wa mwishoni mwa karne ya 14.

Majina haya ya George, Tabard, White Hart na mengineyo yalikuwa na picha zake. Watu wengi hawakujua kusoma, basi nyumba ilijulikana kwa mchoro uliotundikwa nje: paa dume mweupe, kichwa cha malkia, na kadhalika. Mwaka 1393, katika enzi ya Mfalme Richard wa Pili, wenye kuuza bia walilazimishwa kutundika alama, ili wakaguzi wa bia wajue pa kuingia. Picha ya George ni ya Mtakatifu George, yule askari mpanda farasi ambaye hadithi husema alimwua joka.

UMBO LA UA

Sasa tuutazame uwanja wenyewe. Ardhi iliyoelekea barabara kuu ilikuwa ghali mno, kwa kuwa kila mtu alitaka duka au mlango barabarani. Basi mwenye nyumba ya wageni alikuwa na uso mdogo sana upande wa barabara, pengine upana wa gari moja na duka moja, lakini kiwanja chake kilikwenda nyuma mbali. Kilikuwa kama mkono wa kanzu, chembamba na kirefu. Magari yaliingia kwa njia nyembamba iliyopita chini ya jengo la mbele, yakatokea katika ua wa kwanza ambako abiria walishuka. Nyuma yake ulifuata ua wa pili, wenye mazizi, maghala na mahali pa kuwekea magari. Usiku lango la barabarani lilifungwa, na wageni, farasi na mizigo ya watu vikawa salama ndani ya kuta.

Hapa ndipo jibu la swali letu linapoanza. Kiwanja kikiwa chembamba, nyumba za ubavuni haziwezi kuwa nene. Nyuma yake ni ukuta wa jirani, ambako huwezi kufungua dirisha. Mbele yake ni ua, ambao lazima ubaki mpana wa kutosha gari na farasi wake kugeuka. Katikati ya mipaka hiyo miwili mjenzi alipata nafasi ya chumba kimoja tu kwa unene. Kama angeweka ujia wa ndani upande wa nyuma, chumba kingekuwa kidogo kama kabati. Kama angeuweka upande wa mbele na kuufunga kwa ukuta, vyumba vyote vingekosa mwanga, maana mwanga ulitoka uani peke yake. Dawa ilikuwa kuutoa ujia nje kabisa, uning'inie juu ya ua, uwe wazi. Hivyo mwanga hupita katika roshani ukaingia madirishani, na gari hupita chini yake.

Tena hakuna mtu aliyelazimika kupita chumbani mwa mwenziwe. Hili laweza kuonekana dogo, lakini katika majumba mengi ya Waingereza wa zamani zile, hata ya matajiri, vyumba vilifuatana mlango kwa mlango, na mtu alipita kitandani pa mwingine ili afike pake. Katika nyumba ya wageni, ambamo watu hawajuani na kila mmoja ana mkoba wake, mlango unaofunguka kwenye roshani ulikuwa faida kubwa. Mtumishi aliyesimama uani aliweza kuona milango yote kwa mara moja na kumwamsha kwa sauti abiria wa gari la alfajiri.

Kwa hayo yote, baridi ya dakika mbili asubuhi haikuwa bei kubwa.

MOTO WA MWAKA 1676

Kila mtu amepata kusikia habari za Moto Mkubwa wa London wa mwaka 1666, ulioteketeza mji wa kaskazini ya mto. Wachache wanajua ya kuwa Southwark nayo iliungua miaka kumi baadaye. Mwezi wa Mei 1676 moto ulishika katika barabara hii ukala mamia ya nyumba. Tabard iliungua, White Hart iliungua, na George vile vile. Zote zilijengwa upya pale pale, na George ilisimama tena kufikia mwaka 1677. Nyumba tunayoiona leo ni hiyo.

Tarehe hiyo ni ya kushika, kwa sababu wenyeji wa London wapendao kuwafurahisha wageni husema ya kuwa Shakespeare alikuwa akinywa katika vyumba hivi. Shakespeare alifariki mwaka 1616, miaka 60 kabla ya moto. Huenda alipita katika nyumba iliyotangulia. Ukumbi wa maigizo wa Globe, ambao michezo yake mingi ilichezwa humo, ulikuwa Southwark vile vile, mwendo mfupi kutoka hapa. Lakini mbao hizi hazikumwona. Lililo la kweli ni kwamba katika karne ya 16 michezo ya kuigiza ilichezwa katika nyua za nyumba kadhaa za wageni za London, kwa kuwa umbo lake lilifaa sana: wachezaji huweka jukwaa uani, maskini husimama chini, na wenye fedha hutazama kutoka roshanini. Katika karne ya 20 michezo ya Shakespeare ilichezwa uani mwa George yenyewe, basi mshairi alifika hatimaye, ijapokuwa kwa kuchelewa.

Baada ya moto wa 1666, Bunge liliweka sheria mwaka 1667 ya kwamba nyumba za mji wa London zijengwe kuta za nje kwa matofali au mawe, wala si kwa mbao. Hata hivyo ng'ambo ya mto, katika George, twaona ya kuwa wajenzi walitumia vyote viwili, matofali na mbao. Walikuwa wamejifunza hofu ya moto, lakini hawakujua njia nyingine ya kuning'iniza ujia hewani isipokuwa kwa mti.

KAZI YA SEREMALA

Msomaji anayejua kujenga nyumba ya fito na udongo ataelewa upesi jinsi nyumba za mbao za Kiingereza zilivyojengwa, maana wazo ni lile lile: mti ubebe uzito, na kitu kingine kizuie upepo. Seremala alitengeneza kwanza kiunzi, yaani mifupa ya nyumba, kwa nguzo na boriti kubwa. Mti uliopendwa tangu kale ni mwaloni, ambao ni mgumu na hauliwi upesi na wadudu. Kiunzi hakikuungwa kwa misumari ya chuma. Ncha ya boriti ilichongwa ulimi, nguzo ikatobolewa tundu la kipimo hicho hicho, ulimi ukaingizwa tunduni, kisha ukapigiliwa kigingi cha mti kupita vyote viwili. Katika nyumba za kale zaidi, nafasi baina ya nguzo ilijazwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Baadaye matofali yalichukua nafasi ya udongo.

Mwaloni ulikatwa na kutumiwa ungali mbichi, kwa sababu ukikauka huwa mgumu kuchonga. Ukaukapo ndani ya nyumba hujikunja, na viungo hukazana zaidi. Ndiyo sababu nyumba za namna hii husimama mamia ya miaka ingawa zimepinda. Katika George, mtu akisimama mwisho wa roshani akatazama kwa jicho moja kama fundi apimavyo ubao, ataona mstari wake umelegea kidogo hapa na kuinuka kidogo pale. Sakafu za ndani nazo zina miteremko. Si ubovu, ni mti uliotulia mahali pake.

Roshani zenyewe zastahili kutazamwa kwa makini. Ile ya chini haina nguzo zinazoisimamisha kutoka ardhini. Imetokezwa nje ya ukuta, ikishikwa kutoka ndani. Ni kama ubao uliolazwa ukingoni mwa meza: maadamu sehemu iliyo mezani imekandamizwa kwa uzito, sehemu iliyotokeza haianguki. Kwa nini wakajipa taabu hiyo? Fikiri magurudumu ya magari mazito yakigeuka katika ua mwembamba. Nguzo yoyote iliyosimama chini ingegongwa na kuvunjwa kabla ya mwaka kwisha. Orofa ya juu haina hatari hiyo, na kwa hiyo roshani ya pili imewekewa nguzo za mbao, nyembamba na za mviringo, zilizosimama juu ya ile ya kwanza. Mafundi walizichonga kwa kufuata umbo la nguzo za mawe za Wayunani wa kale, mtindo uliokuwa umependwa sana katika Uingereza ya wakati ule. Twaona hapo fundi wa barabarani, aliyepewa kazi ya kujenga mahali pa kufungia farasi, akitaka naye kuonyesha kwamba anajua mitindo mipya ya wakubwa.

Roshani hazikwenda urefu wote wa nyumba iliyobaki. Sehemu iliyo karibu na barabara ndiyo yenye roshani. Sehemu ya ndani zaidi ina uso wa matofali na madirisha yaliyopangwa sawasawa, bila ya ujia wa nje. Juu ya yote kuna paa la vigae na dohani za matofali, kwani kila chumba kizuri kilihitaji meko yake.

NDANI YA NYUMBA

Mtu aingiaye ndani akitazamia ukumbi mkubwa atapotea. Orofa ya chini ni vyumba vidogo vidogo vilivyofuatana, vyenye dari za chini, boriti zinazoonekana, na kuta zilizofunikwa mbao. Kulikuwa na chumba cha kungojea magari, chumba cha kahawa kwa wafanya biashara, na mahali pa wapakizi na waendesha magari, ambao viatu vyao vya tope havikutakiwa kwingine. Ubaguzi wa vyeo ulikuwa mkali katika Uingereza ya siku hizo, na kuta zilijengwa kuufuata. Katika karne ya 20 wenye pabu nyingi walizibomoa kuta za namna hiyo ili kupata ukumbi mmoja ambao mwuzaji mmoja aweza kuuangalia wote. Hapa hazikubomolewa, na kwa hiyo George ni mahali pazuri pa kujifunza jinsi Waingereza walivyoketi zamani, kila mtu na wenziwe. Vyumba vya kulala vya juu havilazi wageni tena. Hutumiwa kwa chakula na mikutano.

Katika chumba kimoja imetundikwa saa kubwa ya ukutani, yenye uso mpana wa kuonekana kwa mbali. Waingereza huiita saa ya Bunge. Mwaka 1797 serikali ya William Pitt, ikihitaji fedha kwa vita na Ufaransa, iliweka kodi juu ya saa zote, za ukutani na za mfukoni. Watu walichukia, wengine wakazificha au kuziuza, na mafundi wa saa wakakosa kazi. Kodi ikafutwa mwaka uliofuata. Husemwa ya kuwa wenye nyumba za wageni ndipo walipotundika saa hizi kubwa, ili watu wasio na saa waje kutazama na wakishatazama wanunue bia. Habari hii ni tamu, lakini si sahihi. Saa za namna hiyo zilikuwa zikitengenezwa miaka mingi kabla ya kodi, kwa sababu iliyo rahisi zaidi: gari la saa kumi na mbili haliwezi kuondoka saa kumi na mbili kama hakuna ajuaye saa.

Na magari hayo yalikuwa na mwendo. Katika miaka ya 1830 barabara kuu za Uingereza zilikuwa zimetengenezwa vizuri, na gari la abiria lenye farasi wanne liliweza kwenda maili kumi kwa saa, likibadilisha farasi kila baada ya maili kumi au zaidi kidogo. Nyua za Southwark hazikupata kuwa na kazi nyingi kama miaka hiyo. Charles Dickens aliijua mitaa hii tangu utoto kwa sababu ya uchungu: mwaka 1824 baba yake alifungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Alipoandika habari za Pickwick, zilizotolewa mwaka 1836 na 1837, aliiweka White Hart ndani yake, jirani ya George. Na George yenyewe aliitaja katika kitabu cha Little Dorrit.

RELI ILIYOBOMOA NA KUTOA

Mwaka ule ule wa 1836, kitabu cha Pickwick kikiwa kinasomwa London nzima, kituo cha reli cha London Bridge kilifunguliwa, umbali wa kutembea dakika chache kutoka ua wa George. Mwanzoni reli ilikwenda maili chache tu, kuelekea upande wa Greenwich. Kufikia 1841 ilifika Brighton. Kufikia 1844 ilifika Dover. Hakuna farasi awezaye kushindana na hayo. Magari ya abiria yalikoma upesi, moja baada ya jingine, na nyua zilizojengwa kwa ajili yake zikabaki kama kisima kilichokauka.

Nyumba za wageni za Southwark ziliondoka katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja. Tabard, ambayo baada ya moto ilikuwa imebadilishwa jina, ilibomolewa katika miaka ya 1870. White Hart ilibomolewa mwaka 1889. Wenye kubomoa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na kiwanja cha thamani katikati ya mji, na juu yake nyumba ya mbao isiyo na wageni, yenye kuogopwa kwa moto. Hata hivyo, mambo yaliyokuwa yamehifadhi desturi za kusafiri za karne nne yaliuzwa kwa bei ya kuni.

George ilinunuliwa mwaka 1874 na kampuni ya reli iitwayo Great Northern. Kampuni haikutaka wageni wala roshani. Ilitaka bohari la mizigo karibu na daraja. Ikabomoa pande mbili za ua na kujenga maghala. Ubavu wa kusini uliachwa, ukaendelea kuuza bia na chakula kwa wapakizi. Watu wachache walipita kuutazama, wachora picha hasa, kwa kuwa walijua ya kuwa mingine imekwisha.

Katika miaka hiyo mawazo ya Waingereza juu ya nyumba za kale yalianza kugeuka. Mwaka 1877 William Morris, mshairi na fundi wa mapambo, alianzisha chama cha kulinda majengo ya zamani, akisisitiza ya kwamba jengo lirekebishwe kidogo kidogo kila mwaka kuliko kungojea libomoke na kujengwa upya kwa kuiga. Mwaka 1895 Octavia Hill, mama aliyefanya kazi nyingi ya kuwatengenezea maskini wa Southwark nyumba zilizo safi, aliungana na Robert Hunter na kasisi Hardwicke Rawnsley kuanzisha National Trust, shirika la kushika ardhi na majengo kwa manufaa ya watu wote. Kwa sheria ya mwaka 1907 shirika hilo laweza kutangaza mali yake kuwa haiuziki kamwe.

Mwaka 1923 kampuni ya Great Northern iliunganishwa na nyingine, ikazaliwa kampuni kubwa ya London and North Eastern. Kampuni hii ilirithi kila kitu, pamoja na ubavu mmoja wa nyumba ya mbao huko Southwark. Mwaka 1937 iliutoa kwa National Trust. Hivyo reli, ambayo iliua kazi ya George na kubomoa sehemu kubwa yake, ndiyo iliyokabidhi kilichobaki kwa wale ambao wangekitunza. Serikali ya Uingereza nayo imeiandika nyumba hii katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa kwa sheria, wala mwenyewe hawezi kubadilisha hata dirisha bila ya ruhusa.

Wako wanaosema ya kuwa ubavu mmoja si nyumba, na kwamba mgeni anayeutazama hawezi kujua ua mzima ulikuwaje. Mimi naona kinyume chake. Kwa kuwa upande wa pili haupo tena, mtu aweza kurudi nyuma na kuziona roshani zote kwa mara moja, jambo ambalo abiria wa mwaka 1800, aliyebanwa katikati ya farasi na mizigo, hakuliweza. Lakini hiyo ni faraja ya mtu aliyepoteza shilingi mbili akabaki na moja.

Leo nyuma ya paa lile la vigae laonekana jengo la vioo liitwalo The Shard, lililokamilika mwaka 2012 na kupita mita 300 kwa urefu, mojawapo ya majengo marefu kupita yote katika Ulaya. Limejengwa kando kabisa ya kituo kile cha reli cha London Bridge. Chini yake, uani mwa George, meza zimepangwa pale magari yalipokuwa yakigeuka, na wafanya kazi wa maofisi huketi hapo jioni. Mvua ikianza, husogea ukutani wakasimama chini ya roshani ile isiyo na nguzo.